Mahali: Barabarani

Kazi yangu ni kutembeza karatasi. Mimi ni karani wa wakala wa forodha hapa Malaba, na nimeishi muda wa kutosha mpakani kujua kwamba hakuna karatasi inayotembea yenyewe. Ukiiacha dirishani ukaenda kunywa chai, utaikuta pale pale, mtu ameiwekea kikombe juu. Lazima uifuate dirisha kwa dirisha, usalimie, uulize watoto wameamkaje, mpaka igongwe muhuri. Kwa hiyo mdogo wangu alipokufa, na mama akasema anataka kujua ni mahali gani hasa alipofia, nilimwambia asijali. Hiyo ilikuwa karatasi tu.

Mdogo wangu alikuwa akiwauzia madereva wa malori mayai ya kuchemsha na kachumbari. Foleni ikiwa nzuri kwake, yaani mbaya kwa watu wengine wote, huanzia mpakani, ikapita Amagoro na kuendelea. Aliitembea yote na ndoo yake tangu alfajiri. Asubuhi moja lori lilirudi nyuma likamgonga. Polisi walimbeba kwa gari lao wakampeleka mochari, na tulipopigiwa simu, lori lilikuwa limeshavuka. Walioona ajali walikuwa madereva wengine wa foleni, na hao nao walikuwa njiani kwenda Kampala, Kigali na Juba. Waliobaki, kila mmoja alikuwa na mahali pake. Huyu alisema kwenye kituo cha mafuta, yule akasema karibu na kalvati, na mmoja alinionyesha sehemu tofauti kila nilipomuuliza, tena kwa uhakika kabisa.

Kwetu, upande wa Sigalame, mtu akifia njiani hazikwi tu yakaisha. Watu wake huenda pale alipoanguka, wakiwa na tawi bichi, wakamwita kwa jina na kumwambia twende nyumbani. Kisha wanalibeba lile tawi mpaka kaburini bila kugeuka nyuma. Mama hajawahi kukosa kanisa Jumapili, na padri alimweleza kwa upole kwamba Mungu anajua mwanawe yuko wapi. Mama akamjibu, "Yeye anajua, padri. Mimi ndiyo sijui." Tukazika, kwa sababu mwili haungojei, lakini tangu siku hiyo mama alilala bila kutia komeo la mlango. Alisema mtoto bado yuko nje.

Nikaingia stesheni ya polisi kwa kiburi changu chote. Mahali pa ajali huandikwa kwenye kitabu cha matukio, kile ambacho kila mtu anakiita OB, na mimi nilikuwa nimesoma sheria ya kupata habari usiku na mchana kama mtu anayejiandaa kuoa. Niliandika ombi kwa Kiswahili cha heshima, nikataja Katiba, nikataja vifungu, nikaomba nakala ya ukurasa unaohusu ajali hiyo. Kwenye kaunta alikuwa sajini mmoja mzee, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma mpaka mwisho, akageuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna kitu.

"Unataka ya nini?"

"Afande, sheria inasema silazimiki kutoa sababu."

Kweli sheria inasema hivyo, na nilikipenda kifungu hicho kuliko vyote. Maishani mwangu nimeulizwa sababu na kila mtu mwenye meza. Siku hiyo nilikuwa na haki ya kunyamaza, nami nikainyamazia vizuri sana.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana."

"Ni gazeti imekutuma? Ama ni hawa watu wa human rights?"

"Afande, pokea tu ombi langu."

Alilipokea kwa ncha za vidole viwili, akaligonga muhuri wa "Limepokelewa", akalisukumia drooni. Kuanzia hapo nilipigwa danadana na mabingwa. Mkubwa alikuwa mkutanoni. Mkubwa aliporudi, faili ilikuwa imekwenda Busia. Nilipofika Busia, faili ilikuwa imeshatangulia kurudi Malaba, na ilishangaza jinsi faili isiyo na miguu ilivyokuwa ikinishinda mbio. Siku moja niliambiwa nakala iko tayari kabisa, ila hakuna karatasi ya kuitolea. Nikaleta karatasi. Wakasema mashine haina wino. Nikamleta fundi. Wakasema karani hana kalamu ya kusahihishia makosa. Nikanunua kalamu nzito nyeusi, nikaiweka mezani kwa adabu. Nadhani nikilipa kodi vizuri zaidi watanikabidhi na korokoro nisimamie.

Sajini alikuwepo kila nilipofika. Kila mara aliniuliza lile lile, "Lakini boss, unataka ya nini?" na kila mara nikamsomea kifungu changu. Macho yake yalizidi kuwa madogo. Mimi nilijiona shujaa. Jioni nilikuwa namwelezea mama jinsi nilivyowabana, naye ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza, "Wamesema ni wapi?" Nasema bado, mama. Naye anaingia kulala, mlango haujakomewa.

Siku za kujibiwa kisheria zilipopita, niliandika malalamiko kwa wakubwa wa Nairobi wanaosimamia mambo hayo, nikaweka nakala kwa kila ofisi niliyoikumbuka. Hapo ndipo stesheni ilipofunguka. Niliitwa, nikatia sahihi, nikakabidhiwa bahasha. Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja, umepakwa wino mweusi kama mkeka ulioungua. Jina la dereva lilifutwa. Namba ya lori ilifutwa. Jina la marehemu pia lilifutwa, kulinda siri zake dhidi yangu mimi niliyemfundisha kuendesha baiskeli. Kazi hiyo yote, naapa, ilifanywa kwa kalamu yangu. Sehemu moja tu waliiacha wazi, ile niliyoitaka. Iliandikwa: Mahali: barabarani.

Nilimsomea mama. Nilidhani atalia, na mimi nilikuwa tayari kulia naye.

"Barabara gani?"

"Hii, mama. Ya Malaba na Amagoro."

"Yote?"

"Haijasema."

"Basi tutaiita yote," akasema, akachukua panga akaenda kukata tawi.

Asubuhi iliyofuata tulianzia pale foleni inapoanzia, mama mbele, mimi nyuma na aibu yangu. Kila baada ya malori machache mama alisimama, akainamisha tawi mpaka ligusane na lami, akamwita mtoto wake kwa jina kwa sauti aliyokuwa akimwitia kutoka shambani. Mwanzoni wabadilishaji pesa walicheka. Kisha madereva wakaanza kuzima redio. Mmoja alishuka akavua kofia, akasimama kando ya gurudumu mpaka tukapita. Jua lilipanda, sauti ya mama ikakauka, na mimi nilitamani ukurasa wangu ungeweza angalau kufaa kumpepea.

Tulipopita Amagoro tulikuta kizuizi cha polisi, na kwenye kizuizi alikuwepo nani kama si yule sajini. Alipumzika juu ya kipande cha gogo. Aliniona, akakunja uso. Kisha akamwona mama na tawi, akasimama.

"Mama, mnaita nani?"

"Mtoto wangu. Aligongwa na lori, na hatujui aliangukia wapi. Nataka nimpeleke nyumbani."

Sajini alivua kofia. "Yule wa mayai?"

"Huyo huyo."

Hakuuliza kitambulisho. Alitutangulia, akavuka barabara, akapita kibanda cha fundi wa pancha, akasimama ukingoni penye majani yaliyolala.

"Ni hapa, mama. Mimi ndiyo nilimwinua." Akanigeukia mimi. "Na wewe, siku hizo zote ulikuwa unataka hii tu?"

"Ndiyo."

"Si ungesema!"

Nilikuwa na kifungu kizima cha kumjibu. Mama aliniwahi.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana, mama. Nilikaa na yeye chini hapa, nimemshika kichwa. Alikuwa anaongea kidogo. Aliniuliza kama mayai yamevunjika."

Mama aliinama, akaweka tawi juu ya yale majani, akamwita mara moja tu, taratibu, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Akamwambia, "Acha hayo mayai. Twende nyumbani."

Tulikodi gari dogo. Tawi lilikaa kiti cha mbele, kwa sababu mama alisema mwanawe hakupenda kukaa nyuma, na dereva aliambiwa asitazame kioo. Sikugeuka kumshukuru sajini. Mila iliniokoa, maana sijui ningeanzia kifungu gani.

Usiku huo, baada ya kuliweka tawi kaburini, nilikuwa nimeketi sebuleni na ule ukurasa mweusi. Mama alipita na taa, akaniuliza kama wote tuko ndani. Nikamwambia ndiyo. Akatia komeo.