Andazi Lenye Kitovu

Usiku ule Bibi aliponijia, nilikuwa nimelala na kosa langu la siku za mwanzo. Kosa lenyewe ni hili: nilipoanza kuwapikisha watoto wa mtaani kwetu uani kila Jumamosi, walipokwenda kunawa nilichukua maandazi waliyoyatengeneza, nikayafinyanga upya yote, nikayakata pembe tatu kwa rula. Nilitaka mama zao wayaone mazuri. Sikufundishwa na mtu kupika, wala sayansi ya kupika. Nimejifunza mwenyewe kwa kuunguza, na aliyejifunza hivyo huogopa siku zote kuulizwa nani alimruhusu.

Asubuhi ya kosa hilo ilianza vizuri. Tulitia hamira, sukari na maji ya uvuguvugu kwenye chupa, tukauvisha mdomo wake puto. Puto lilipoinuka, mtoto mmoja akapiga kelele, "Hamira imejamba!" Wote wakaanguka kwa kicheko. Nikawaeleza kwamba hamira ni hai, inakula sukari, na hewa inayoitoa ndiyo inayoumua unga.

Mwana, binti wa dada yangu, ambaye ndiyo kwanza ana miaka mitano, hakucheka.

"Kumbe hai?"

Akafinyanga andazi la duara, akalibonyeza katikati kwa kidole. "Nimelitia kitovu," akasema.

Nilipogawa, aligeuzageuza sahani.

"Mjomba, langu liko wapi?"

"Si hilo hapo, mama."

"Hili si langu. Langu lina kitovu."

"Limeumuka. Kitovu kimeziba."

Akaisukuma sahani kando. Tangu hapo, tukianza kukanda yeye hukaa mlangoni, mikono nyuma. Nilimbembeleza, nikamnunulia kibao na kisukumio cha kitoto. Mikono nyuma. Dada yangu, tunayeishi naye nyumba moja, alinitania, "Mwalimu kakataliwa na mwanafunzi." Akaacha kutania alipoona hata ule uji wa mchanga wa michezoni mtoto hataki tena kuukoroga.

Basi nikalala. Nikajikuta jikoni kwa Bibi, mama yake mama, ambaye tulishamzika, na jiko lenyewe lilishabomolewa. Amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kanga mabegani. Anakuna, lakini kinachodondoka kwenye sinia si nazi, ni unga. Nataka kumwamkia. Nimekuwa mdogo, kidevu hakifiki mezani.

Beseni linaumuka. Naukandamiza unga kwa ngumi, unashuka, unapanda tena. Natafuta rula. Naipata, nayo ni ya unga, inajipinda mkononi. Unga unamwagika sakafuni, unanifika magotini, una uvuguvugu, unapumua. Ndani yake nasikia watoto wanacheka. Nachimba, siwaoni. Mikono inanasa.

Kisha ni uani kwetu. Karai liko motoni na Bibi anageuza maandazi. Ni yale yangu ya pembe tatu. Anainua moja, analitazama mgongo na tumbo, analirudisha, anainua jingine.

"Haya ya nani?"

"Ya watoto, Bibi."

"Mbona hayana vitovu?"

Mwana yuko mlangoni, mikono nyuma. Nataka kumwita, mdomo umejaa unga. Bibi anazivuta kuni nje ya mafiga, moto unalala. Mafuta yanapoa, na maandazi yanazama moja baada ya jingine, nami nimesimama nikiyatazama tu.

"Kilichozaliwa kina kitovu, mume wangu," anasema. Alikuwa akiniita hivyo tangu utotoni, kwa utani wa bibi na mjukuu. Hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza. "Mwambie mtoto ulilifanya nini."

Ananifuta unga puani kwa ncha ya kanga, kama siku ile ya utotoni nilipomletea donge langu la unga, jeusi kwa uchafu wa mikono, akalikaanga pamoja na maandazi ya wageni, akaliweka juu ya yote sahanini. Nataka kumuuliza, mtoto asiponisamehe je? Namshika kanga. Ni unga. Inakatika.

Niliamka nimekunja ngumi. Kulikuwa kumekucha, na Mwana alikuwa ameketi kizingitini akingoja chai. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mwana, lile andazi lako nililifinyanga upya. Kitovu hakikuziba. Nilikifuta mimi."

"Kwa nini?"



"Niliona haya watu wakiliona."

Aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Liliumia?"

"Sijui, mama," nikasema. Kweli sikujua.

Siku hizi maandazi ya watoto yanaingia kwenye mafuta vilevile walivyoyaacha. Mengine yanapasuka, mengine yanabaki mabichi ndani, na mama zao wanayaona hivyohivyo. Mwana bado hakandi. Ila amehama mlangoni. Husimama kando ya meza, na kila ninapochukua andazi kulipeleka jikoni, huniuliza la nani.