Mama Mkubwa Anatusubiri Klungkung

Wazo la kwenda kisiwa cha Bali lilitoka kwa kitinda mimba wetu, anayeishi na mama huko Perth, Australia. Alitupigia sote watatu kwa pamoja, mimi nikiwa Highview hapa Louisville, Kentucky, dada yangu Whitehall kule Columbus, na kaka yetu Buffalo. "Bon," akasema, "watu ya hapa wanaendaka Bali weekend tu, ni saa nne ku ndege. Nyinyi mukuje, mimi ninaleta mama mkubwa, tunakutana kule."

Huyo mama mkubwa ni mama yetu mzazi. Bora niliseme mapema, maana kwenye simu hatujawahi kulisema.

Kambini Kigoma, tulikokuwa wakimbizi, faili la mama la kuhamishiwa ng'ambo lilikwama miaka, la mdogo wake likasonga mbele. Mama akatukalisha chini sisi wakubwa watatu, akasema kuanzia leo mama yenu ni mama mdogo, mimi ni mama mkubwa. Kitinda mimba alikuwa bado ananyonya, akabaki naye. Tulifanya mazoezi kila asubuhi. "Mimi ni nani yako?" aliuliza, sufuria iko mkononi. Ukijibu "mama", uji wako ulisubiri mpaka useme vizuri. Siku ya mahojiano hatukukosea hata mara moja. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilifika Kentucky, halafu ikachepukia Ohio na New York.

Miaka mingi baadaye mama naye akapata safari, ila akapelekwa Australia. Mama mdogo amefariki, tulimzika hapa Louisville, lakini karatasi hazifi. Hatuwezi kumwombea mama viza kama mama yetu, na tukikiri tulidanganya, tumejichongea wenyewe. Tena mama aliambiwa na mtu, sijui nani, kwamba simu zote zinasikilizwa. Kwa hiyo hajawahi kulegeza. "Mtoto wa mdogo wangu, umekula?" Hivyo ndivyo ananisalimu. Mimi ni mtu mzima, mvi zimeanza kunichungulia, na kitu nilichokitaka Bali kilikuwa kimoja tu: tukutane mahali ambapo hakuna wa kuuliza huyu ni nani wako, mama aniite mwanangu.

Na tulikuwa na haraka. Kitinda mimba alisema mama ameanza kusahau. Anatia chumvi kwenye chai, anauliza leo ni siku gani mara tatu kabla hajamaliza kikombe. Kazi yangu ni kutunza wazee. Siku tano za wiki nawaogesha mama za watu, najua mambo haya yanavyokwenda. Majina hutangulia, kisha nyuso. Kinachobaki mwisho ni kile mtu alichokirudia zaidi. Nina mzee mmoja ambaye amebakiwa na sala ya chakula peke yake, na anaisali hata ukimvisha soksi.

Tulipanga kwa miezi. Mama anaogopa maji tangu tulipovuka Ziwa Tanganyika kwa boti la mbao, basi hoteli zote za pwani tukazikataa. Nilitafuta hadi nikaupata Klungkung, mji wa kale walikokaa wafalme. Una soko, na kuna nyumba ya wageni yenye ua ambapo tungeweza kupika wenyewe. Katikati ya mji kuna ukumbi wa zamani ulio wazi pande zote, ambamo kesi zilikuwa zikiamuliwa, na dari yake imechorwa adhabu za wakosaji huko ahera. Niliwatumia picha.

"Donc unatupeleka tena mbele ya jaji?" kaka akauliza. "Mimi nilisha jibu maswali yangu yote."

"Na weekend gani inakula wiki muzima?" dada akadakia. "Siku mbili ya kuenda, mbili ya kurudi. Bosi wangu atacheka mpaka anifukuze ku kazi."

Tulicheka sana jioni ile. Dada alishonesha nguo tano za kitenge kimoja, mbili akazituma Perth. Kaka akawa anaulizia kama unga wa muhogo unaruhusiwa ndani ya sanduku.

Mambo yakaanza kuharibikia Buffalo. Kaka na dada hawajapata uraia, maombi yao bado yako mezani kwa watu. Mwanasheria akamwambia kaka kwamba siku hizi akitoka, huenda asirudi. Dada hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nikabaki mimi, mwenye pasipoti, nikasema nitakwenda peke yangu.

"Weye uko na pasipoti, sisi hatuna," kaka akasema. "Siku unarudi, wakishika simu yako, waone mapicha, waulize ule mama ni nani? Wote tuko ku faili moja, dada yangu."

Nilimtolea maneno mabaya. Nilimwambia woga wake ndio utakaomzika mama. Dada alikuwa analia, nasikia watoto wake wanamwuliza kwa Kiingereza ana nini. Nikakata simu. Siku mbili nilijiapiza kwamba nitakwenda, liwalo na liwe. Siku ya tatu nikafuta tiketi. Kaka ana watoto watano, na hakuwa amekosea, jambo ambalo mpaka sasa sijamsamehe.

Tiketi za Perth hazikurudishika, kitinda mimba akampeleka mama hivyo hivyo. Jumamosi jioni, kwao ikiwa Jumapili asubuhi, akanipigia kwa video. Nilikuwa jikoni kwangu nimevaa lile gauni la kitenge, na sikuwa na pa kwenda nalo. Mama alikuwa ameketi ndani ya ukumbi ule, chini ya dari ile, amevaa la kwake. Amekonda, shingo imebaki kamba.

"Musemezane," kitinda mimba akasema. "Huku hakuna mtu anasikia Kiswahili."

"Mama," nikasema. Sikuwa nimemwita hivyo tangu kambini. Sauti ilinitoka ya kitoto, nikaona haya.

Mama alikunja uso. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasogeza mdomo kwenye simu.

"Hapana," akaninong'oneza. "Sema vizuri. Mimi ni nani yako?"

Kitinda mimba alijaribu kumwambia kitu, mama akamzuia kwa mkono. Alikuwa ananisubiri mimi. Machozi yalinitoka, na niliona kwamba hayamwambii chochote.

"Mama mkubwa," nikajibu.

Uso wake ukafunguka. "Ee, sasa umesema," akasema. "Enda, kunywa uji wako."