Nimetetea mtungi, mtungi ukaniaibisha

Leo nimepigiwa makofi barazani hapa Mikinduri.

Msinipongeze bado.

Nilisimama kupinga ile sheria inayokataza kubeba maziwa kwa mtungi wa plastiki. "Chifu, mikebe ya chuma ni ya matajiri! Mtungi ni haki yetu!"

Weh! Watu wakashangilia. Nikanogewa, nikarudia hotuba yote tena.

Mtungi wangu mwenyewe ulikuwa nje, juani, umejaa maziwa ya asubuhi.

Kufika kituo cha maziwa, dada wa kupima akaufungua, akanusa, akaufunga. "Baba Kendi, umeongea vizuri sana. Sasa rudisha haya nyumbani, yameganda."

Wapenzi wa maziwa lala, karibuni kwangu. Nawaomba kabisa.

Mke wangu ananijazia kikombe kingine. "Kunywa, Baba Kendi. Kunywa haki yako."