Mtamba Aliyefungwa kwa Kamba ya Nguo

Nakumbuka asubuhi moja kule Kitengela, mwanangu, nilipotoka na beseni la nguo nilizofua nikakuta kamba ya kuanikia haipo. Ilikuwa kamba ya nailoni ya kijani. Nikaanza kuwagombeza watoto wa ploti yetu ya kupanga, maskini, na kumbe mwizi alikuwa mume wangu, amesimama mlangoni na viatu vimejaa vumbi, anatabasamu peke yake. Nilimuuliza ametoka wapi, akasema alienda kunyoosha miguu.

Sisi tulikuwa wageni huko. Tulitoka magharibi, yeye akiwa karani katika ofisi za serikali Kajiado, mimi nikishona nguo nyumbani. Tulipanga mwisho kabisa wa mji, mahali ambapo siku hizo mbuga ilianzia nyuma ya choo. Jirani yetu wa upande wa mbuga alikuwa mjane wa Kimaasai, Mama Lemayian, na kila asubuhi alituletea maziwa kwa kibuyu. Halafu ukaja ukame wa mwisho wa miaka ya tisini. Ng'ombe wake wote wakafa. Akaacha kuleta maziwa, na baadaye akaacha hata kuja kanisani, kwa sababu aliona haya kufika mikono mitupu siku ya sadaka.

Hilo lilimkosesha mume wangu usingizi. Alikuwa mtu wa kuchukua Biblia kama ilivyo, na yale maneno kwamba mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia aliyashika sawasawa. Hata mimi mkewe hakuniambia. Alinunua mtamba mwenye mimba katika soko la mifugo la Kajiado, akamleta kwa lori, na kabla jua halijachomoza akamfunga kwenye lango la boma la Mama Lemayian, akarudi zake.

Sasa, mwanangu, hapo ndipo tulipoonekana watu wa kuja. Kwetu unaweza kuamka ukute jirani amekuachia mkungu wa ndizi mlangoni, ukala ukamshukuru Mungu. Lakini Mmaasai humsoma ng'ombe kama wewe unavyosoma gazeti. Anaangalia chapa ya moto ubavuni, anaangalia masikio yalivyokatwa, anajua ni wa boma gani. Ng'ombe akionekana kwako na hakuna aliyemleta, watu wanauliza ameibwa wapi. Na wiki hiyo Lemayian, mtoto wa pekee wa yule mama, alikuwa amerudi kutoka pande za Kajiado alikokwenda kutafuta kazi.

Kufikia saa sita wanaume walikuwa wamejaa pale langoni. Chapa ni ya Kajiado, kijana ametoka Kajiado, basi kwao kesi ilikuwa imekwisha. Walitaka kumpeleka polisi. Mama yake alikuwa ameketi chini analia, wala hakuwa amemgusa yule mtamba hata kwa kidole.

Mume wangu aliposikia aliniambia yote, akataka kukimbia akaseme ni yeye. Nikamsihi tupitie kwanza kwa Mzee Parsimei, Mmaasai aliyekuwa mzee wa kanisa letu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama kwa huruma.

"Wewe umeficha mkono, hiyo ni sawa," akamwambia. "Lakini umeacha huyu mama peke yake na maswali. Ukienda kusema saa hii, kila siku akikutana na wewe kwa njia atainama. Wacha niende mimi."

Akachukua fimbo yake akaenda. Aliwaambia wale watu kwamba ng'ombe amenunuliwa sokoni, kwamba aliyeuza anamfahamu na atawaletea mtu huyo aseme mwenyewe, na mwenye swali lingine amuulize yeye. Hakudanganya. Mengine watu walijijazia wenyewe, wakadhani ni yeye aliyemtoa, na kijana akaachwa.

Wamaasai wana desturi nzuri sana. Mtu akikupa mtamba, majina yenu yanaachwa, mnaitana Paashe. Tangu siku hiyo Mama Lemayian akamwita Mzee Parsimei Paashe, kanisani, barabarani, mbele ya kila mtu. Mzee wa watu akawa anainamisha kichwa kama anayekaripiwa. Siku moja alimwambia mume wangu, "Wewe ulipata kazi rahisi, ya kutoa. Mimi niko na kazi ya kushukuriwa kwa kitu si yangu." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Mtamba akazaa, kibuyu kikarudi mlangoni kwetu, na tukawa tunanunua maziwa ya ng'ombe tuliyemtoa. Mume wangu alifurahi kuyalipia. Mimi ndiye niliyewashwa na ulimi, sikufichi. Lakini nilinyamaza, na kila mara Mama Lemayian alitumiminia na ya nyongeza kidogo. Nilidhani ni roho nzuri tu.

Miaka ikapita. Mzee Parsimei akatangulia, kisha mume wangu naye. Siku ya matanga, kabla ya mazishi, Mama Lemayian alikuja akaketi karibu nami, akafungua shuka lake, akaniwekea mapajani kamba ya kijani, imekunjwa vizuri.

"Hii ni yako," akasema. "Nilikuwa naona nguo zako kwa hii kamba kila asubuhi nikileta maziwa. Siku ile watu walipoenda nikaifungua, nikajua."

Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hakusema.

"Nyinyi mlitaka isijulikane. Mimi sikuwa na kitu ya kuwapa. Nikawapa hiyo."

Kisha akainuka, akaenda kwenye jeneza, akaweka mkono juu ya ubao, akasema polepole, "Paashe." Nililia, mwanangu, siku hiyo nililia kweli.

Sasa wote watatu wamekwenda, ndiyo maana nakusimulia. Toa, na utoe kimya, kwa sababu Baba yako wa mbinguni anaona. Lakini kabla hujajificha, jua unayempa anaishi vipi na watu wake, ili siri yako isimletee taabu. Mwingine akishukuriwa kwa ulichotoa, mwache ashukuriwe. Na usidhani kutoa ni kwako peke yako, maana hujui ni nani anayekutunzia siri yako kwa upendo.

Mungu akupe mikono isiyo na kelele, akupe na majirani kama wale. Kamba hiyo ya kijani ndiyo ninayoanikia nguo mpaka leo.