Filimbi ya Mwethya

Niliikuta ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, chini ya vifungo vya mashati, sindano ya kushonea magunia na picha yangu ndogo ya darasa la nane. Nilikuwa nimekwenda kusafisha nyumba ya nyanya, ng'ambo ya Kwa Vonza, wiki tatu baada ya kumzika. Jamaa zangu waligawana viondo na sufuria, nami nikaachiwa jiko la nje kwa sababu hakuna aliyetaka kuchafuka masizi. Ilikuwa filimbi ya bati, rangi imebambuka yote, kamba yake ya katani imekuwa nyeusi kwa jasho la miaka. Niliketi kwenye kigoda chake nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo. Hata siku ya mazishi sikulia.

Wewe uliyekulia pande hizi za Ukambani huna haja ya kuelezwa filimbi ile ilikuwa ya nini. Kwa asiyejua, ilikuwa ya mwethya, yaani kazi ya kijiji kizima katika shamba la mtu mmoja, leo kwangu, wiki ijayo kwako. Nyanya ndiye aliyeongoza mwethya wa kilima chetu miaka yote ya utoto wangu. Alinilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, na aliniita Mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Nikikosea alinichapa, kisha akaniomba msamaha kama anavyoombwa mama mzazi. Nilifaidi sana jina lile.

Siku moja kabla ya kazi alizunguka nyumba kwa nyumba. Hakukubali kujibiwa mlangoni. Aliingia, akakaa, akanywa uji waliompa, akatazama. Kama mtoto wa pale alikuwa na kikohozi, alikisikia. Kama mume na mke walikuwa wamenuniana, alijua kwa namna kikombe kilivyotuliwa mezani. Haja yake aliisema mwisho kabisa, na mtu akimjibu "tutaonana" huku ameketi, nyanya alimkatiza. "Simama kwanza. Sema ukiwa umesimama, nijue hata miguu imesikia." Watu walicheka, wakasimama, wakasema. Na waliosema walikuja.

Jua likichomoza alipuliza filimbi mara tatu akiwa kwenye jiwe kubwa nyuma ya zizi. Ungesikia mlango huu umefunguliwa, halafu ule, halafu majembe yakigongana njiani. Mwalimu wetu wa hesabu alikuja na suruali iliyokatwa magotini, na sisi wanafunzi tukajifanya hatuoni miguu yake. Mwenye duka, Msomali aliyehamia kwetu na familia yake kutoka Garissa, alifunga duka lake akaja na sululu begani. Walijipanga kwa mstari kwenye mteremko wakaanza kuchimba mitaro ile tunayoiita fanya juu, kwa sababu udongo unautupa upande wa juu ili uwe tuta la kuzuia maji. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia kwa majembe. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake wazee, nikichochea moto chini ya sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyotwangwa mpaka maganda yakatoka, yakachemshwa na mbaazi. Harufu yake nikiisikia leo mahali popote, hata kwenye hoteli za kandokando ya barabara kule Salama, huwa nasimama kidogo.

Tuta la shamba la chini, lile linalopakana na mto, lilichimbwa namna hiyo nikiwa darasa la tatu. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, laini, na ndengu za nyanya zilistawi hata mwaka ambao mashamba ya wengine yalikauka. Alikuwa akisema shamba lile ndilo mume wake, kwa maana babu alifariki mapema na lenyewe ndilo lililotulisha.

Jambo moja nataka ulishike. Mtu aliyekosa kuja hakutozwa faini wala kusemwa. Jioni nyanya alifunika sahani yake ya muthokoi, tukampelekea. Siku moja tulimkuta mama mmoja mjane amelala sakafuni, homa imempanda, hata maji ya kunywa hana. Kama si ile sahani angejulikana lini? Mwethya ulikuwa kazi, ndiyo, lakini pia ulikuwa njia ya kujua nani yuko na nani hayuko.

Nilisoma, nikapata kazi Nairobi, nikaolewa. Sasa sikia nilivyofanya, kwa maana haya mengine yote ni utangulizi tu.

Ni mimi niliyefungua grupu la mwethya kwenye simu. Si kijana wa mjini, si serikali, ni mimi. Magoti ya nyanya yalikuwa yameanza kumsumbua, na nilimwonea huruma kupanda na kushuka kilima akiita watu ambao wote wana simu. Nikaweka picha ya jembe na kila jina nililolikumbuka. Watu walifurahi. Walioko Emali, walioko Mombasa, wote waliingia, wakasalimiana kwa siku mbili mfululizo. Sitaki kusema uongo, grupu lile lilifanya mema. Lilimlipia mtoto wa jirani karo, likamnunulia nyanya dawa za presha. Siku hizi unaagiza unga kwa simu na mtu wa bodaboda anauleta mlangoni, na wachuuzi nao wanapita na filimbi zao. Sadaka unaituma, na pole pia unaituma. Nami nilijivuna. Nilikuwa nikimwambia nyanya, "Umeona? Sasa unakaa tu." Yeye alikuwa na kabambe, simu ndogo ya kupiga na kupokea, na grupu hilo hakuliona hata siku moja. Alijua tu kile nilichomwambia.

Mwaka jana, mwishoni mwa Oktoba, alinipigia. Tuta la shamba la chini lilikuwa limepasuka katikati, ng'ombe wa watu walipita hapo.

"Mwaitu, niitie watu," alisema. "Mvua ikinipata hivi, imenimaliza."

Niliandika kwenye grupu. Nikapiga picha ya maneno yangu nikamtumia mume wangu, jinsi nilivyopendezwa nayo. Kabla ya saa sita majibu yalikuwa yamejaa. Tuko pamoja. Amina. Vidole gumba, mikono ya kuomba, moyo mwekundu. Niliyahesabu. Nikampigia nyanya.

"Watu thelathini na wanane wamekubali."

"Thelathini na nane! Aiya! Hata wakati wa babu yako hawakufika hivyo." Kisha akauliza, "Wamekubali wakiwa wamesimama?"

Nilicheka. Namwomba Mungu anisamehe kicheko kile, kwa sababu nyanya hakuwa akitania.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Yaliyotokea kilimani niliyasikia baadaye kutoka kwa mama jirani, mzee mwenzake nyanya, ambaye miguu yake haimfikishi tena shambani lakini alifika jikoni kusaidia kupika. Walitwanga mahindi siku mbili. Nyanya aliazima sufuria kubwa na sahani arubaini za bati kutoka kanisani. Alfajiri alipanda kwenye jiwe akapuliza filimbi mara tatu, akashuka, akazipanga zile sahani kwa mstari juu ya meza ya nje, akazifunika kwa leso zisiingie vumbi.

Nami huko Nairobi, asubuhi ile ile, nilikuwa jikoni kwangu nikikaanga mayai na simu inalia mfululizo. Walikuwa wakituma pesa. Huyu kidogo, yule kidogo, kila mmoja na ujumbe wake mtamu. Aliyeko Emali alidhani walioko nyumbani wataenda. Walioko nyumbani walikuwa na bodaboda zao, vibanda vyao, mchanga wao wa kupakia, wakadhani wamekwisha kuwakilishwa na kile walichotuma. Kila simu ilipolia nilifurahi. Nilimwambia mume wangu, "Unaona watu wa kwetu walivyo na umoja?" Nilikula mayai yangu.

Saa nne nyanya alimwambia mwenzake kwamba pengine watu wamechelewa kwa sababu ya umande. Saa sita alichota muthokoi kidogo akaonja chumvi. Saa nane alinipigia. Nikamweleza kwa furaha jinsi mchango ulivyofana, na kwamba nimepata vijana wa kulipwa kutoka Kwa Vonza, watakuja Jumatano na sululu zao.

"Hakuna mtu hapa, Mwaitu," alisema.

"Lakini wametuma, nyanya."

"Nimesikia. Wametuma." Halafu akauliza, "Hakuna mmoja wao mgonjwa? Wote ni wazima?"

Nikamwambia wote ni wazima. Leo naelewa alichokuwa akiuliza. Angepata hata mmoja mgonjwa angemfunikia sahani, na siku ile ingekuwa na maana.

Mama jirani aliniambia nyanya hakulalamika. Muthokoi alimpa yeye kidogo, nyingine ikaenda kwa mbuzi. Kisha akachota maji, maji yale ya kununua kwa mtungi, akakaa chini akaosha zile sahani moja moja. Mwenzake alimwambia ziko safi, hakuna aliyezilia. Nyanya akajibu kwamba ziliwekwa mezani zikangoja watu, hawezi kuzirudisha kanisani hivyo. Aliosha zote arubaini. Halafu akachukua jembe akashuka shamba la chini peke yake, akachimba mpaka magoti yakakataa.

Mvua ilikuja Jumatatu. Vijana wa Jumatano walinipigia kuniambia hakuna tuta tena la kutengeneza. Mto uliuchukua udongo wote mweusi, ukaacha changarawe nyeupe na mawe. Nyanya hakupanda ndengu mwaka ule. Aliishi miezi mingine saba, akila nilichomtumia, akisema asante kwa heshima kana kwamba mimi ni mgeni. Hakuniomba tena kumwitia mtu. Alipofariki, kaburi lilichimbwa na watu wa kulipwa, na mazishi yakarushwa kwenye simu ili walio mbali waone. Niliambiwa watazamaji walikuwa wengi kuliko sisi tuliokuwa pale. Maua mekundu yaliingia kwenye grupu siku nzima. Lile grupu bado lipo. Watu wake wote wapo, na sijui ni nani kati yao ana kikohozi.

Nilipomaliza kulia pale jikoni niliifuta filimbi kwa kanga nikapanda kwenye jiwe nyuma ya zizi. Sijui nilitaka nini. Ilikuwa mchana kweupe, kilima kimetulia, mabati ya nyumba yanang'aa. Nilipuliza mara tatu kama alivyokuwa akipuliza, sauti ikatoka ile ile, ikashuka mpaka mtoni.

Mlango mmoja ulifunguka. Moyo wangu uliruka, nakwambia. Ni mke kijana wa nyumba ya pili kutoka kwetu, aliolewa hapo nikiwa nimeshaondoka, hanijui. Alisimama mlangoni na simu mkononi, akaniangalia juu ya jiwe.

"Auntie," aliita, "leo unauza nini? Ni mkate ama ni ndizi?"

Nikamwambia siuzi kitu. Akasema haya, akarudi ndani, akafunga mlango.