Mabaka Mikononi mwa Dada

Uji wa ulezi ukichemka tu, namwona dada yangu kwenye kigoda, amejifunika blanketi, viganja vimepauka. Fizi zake zilivuja damu, lakini upepo wa Ufipa ulipasua midomo ya kila mtu, kwa hiyo tulidhani ni damu ya midomo. Mama alishtushwa na mabaka meusi mikononi mwa dada.

“Umempiga tena mwenzio?” aliniuliza.

“Hajanigusa, mama,” dada akasema.

Mama hakuamini, akanichapa. Nikalia kwa kuonewa, na dada akanisogezea kikombe chake cha uji, ukingoni kikiwa na doa la damu.

Baadaye daktari wa mjini alituambia ni saratani ya damu.

Mpaka leo, nikikoroga uji, natamani ningekuwa nimempiga kweli. Mabaka ya ngumi hupona.