Majivu ya Ufuta na Sura ya Mama

Mimi chuo changu ni Kurani tu, na kuandika huku nimejifunza ukubwani. Lakini dawa ya kusafishia picha nimeichanganya kwa mikono hii kabla baba zenu hawajazaliwa. Siku hizi mjukuu wangu anainunua imefungwa tayari, anaimimina huku anapiga mluzi. Sisi tuliipika.

Ilikuwa Kilwa Kivinje, enzi za Mjerumani. Vita vya Maji Maji vimekwisha, na njaa iliyovifuata ndiyo kwanza inatuachia. Nilifanya kazi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo, aliyepiga picha uani kwake. Yeye alipiga tu. Kuzisafisha ilikuwa kazi ya mkewe, maana wanawake wa mji hawakutaka sura zao zishikwe gizani na mwanamume. Huyo mkewe ndiye aliyenichukua nimsaidie. Tulikuwa rika moja, tukiitana shoga.

Picha zenyewe zilikuwa kwenye vioo. Dawa yake ilikuwa unga mweupe mwepesi wa Ulaya, na chumvichumvi nyingine ya Ulaya ya kuuzuia usiharibike upesi. Maji tuliweka ya mvua, maana ya kisima cha Kivinje yana chumvi. Halafu soda. Bila soda ule unga umelala, hata ukitikisa sinia mpaka kesho.

Soda ikatuishia, na meli haijaleta nyingine. Shoga yangu akataka tufunge kazi.

"Tufunge kwa lipi?" nikamwambia. "Magadi ya majivu ya kupikia kunde si yapo?"

Nikazoa majivu jikoni, nikayachuja kwenye chungu kilichotobolewa, yakatoka maji ya rangi ya chai. Nikatamba nayo asubuhi nzima.

Siku hiyohiyo mama akateremka kutoka kwetu Mitole na wenzake, kununua nguo na kurudi kesho yake. Amekonda, mabega yametokeza kama vigingi. Baba yangu alifia vitani, na sura yake ilikuwa inanipotea kidogo kidogo. Leo pua, kesho macho. Ya mama sikutaka iende hivyo. Nikamwomba apigwe picha. Akakataa. Nikamlilia mbele ya wenzake, akaona haya.

"Nitakaa mara moja," akasema. "Ya pili usinitajie. Na huyo mwenye kisanduku asinisogelee."

Akakaa kitini uani, anamgombeza Mhindi wa watu mpaka picha inapigwa.

Tukaingia ghalani, tukaziba mlango kwa blanketi, taa tukaifunga kitambaa chekundu. Mama naye akaingia nyuma yetu.

"Shikamoo mama," shoga yangu akasema. "Kaa hapo, usiguse kitu."

"Marahaba. Sigusi. Lakini sura yangu haifungiwi ndani bila mimi."

Kioo kikaingia kwenye sinia la dawa niliyoitia magadi yangu. Tukatikisa. Tukapokezana, tukatikisa tena mpaka viganja vikafa ganzi. Kioo cheupe kama tui.

"Humu hamna mtu," shoga yangu akasema.

"Yumo."

"Basi ameshatangulia Mitole."

Sikucheka. Nilijua mama kiti kile hakikalii tena.

Mama akavuta chungu changu, akachovya kidole, akalamba.

"Umechoma kuni gani?"

"Hizi za jikoni. Mikoko."

"Mikoko." Akatema pembeni. "Mti umezaliwa baharini, umezeekea baharini, wewe unauomba magadi. Hii ni chumvi, mwanangu. Kunde zangu zingekucheka."

Akafungua pindo la kaniki, akatoa kifurushi cha majani. Ndani yake majivu ya mabua ya ufuta, aliyoniletea zawadi ya jikoni. Tukafunika sinia, nikapenya chini ya blanketi kwenda kuchuja. Maji ya safari hii yaliteleza vidoleni kama sabuni. Tukakiosha kioo, tukachanganya dawa upya, tukakitia.

Kwanza ukaja ukuta wa uani, mweusi. Kisha mabega. Kisha uso wa mama, umetoka mweupe kuliko wa Mjerumani.

Mama akainama. "Meno yangu yana masizi."

"Kwenye kioo kila kitu hugeuka, mama," shoga yangu akamwambia. "Kwenye karatasi kitarudi."

"Kisiporudi nitakuja kukudai meno yangu."

Kioo kilipokauka, alasiri ile, jua lilikuwa bado kali. Tukakibana juu ya karatasi ya picha, ile inayoiva juani, tukaianika uani, na mama akakaa kando yake kama anayelinda mpunga na kuku. Uso ukaiva polepole. Mdomo ulikuwa umeenda upande, kwa yale magombezo.

Akaitazama sana. "Shavu limeliwa na njaa," akasema. "Lakini ndiye mimi. Tena nagomba." Akacheka mpaka akakohoa.

Alfajiri akaondoka na wenzake. Mimi nikaitundika picha ukutani nyumbani kwangu, pale tunapotandika mkeka wa chakula. Mume wangu akaingia, akaiona, akarudi mlangoni. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe.

"Mgeuze basi," akasema.

"Simgeuzi. Geuka wewe."

Tangu siku hiyo mume wangu alikula ameupa ukuta mgongo, na wageni wakidhani ni adabu tu ya mtu wa kwao.